Likizo ya Julai Maskati au Dubai: ukimbie nje alfajiri, kwenye tredimili, majini au mlimani?

Likizo za Juni hadi Agosti ndizo zinazowapeleka wengi Maskati na Dubai kutazama ndugu, na ndizo hizohizo zinazoangukia katikati ya maandalizi ya mbio za Oktoba. Mtu aliyezoea kilomita 50 au 60 kwa wiki Nairobi au Dar es Salaam, ambako Julai ni msimu wa ubaridi, anashuka kwenye ndege na kukuta nyuzi 40 mchana, na usiku wa pwani haushuki sana chini ya 30. Wapo wanaofungia viatu sandukuni mpaka siku ya kurudi. Wapo pia wanaotoka saa 2 asubuhi na programu ileile waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Wote wanapoteza, na hawa wa pili wanaweza kupoteza zaidi ya mazoezi.

Njia tunazolinganisha hapa ni nne: kukimbia nje alfajiri, tredimili, bwawa la kuogelea, na kuihama pwani hii ya joto kabisa kwenda mlimani au Salalah, mji wa kusini mwa Oman. Hakuna inayofaa kwa kila zoezi. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kuchagua njia moja, kisha kulazimisha mazoezi yote ya wiki yapite humo.

Unalinda nini hasa?

Mkimbiaji akiacha mazoezi kabisa, kinachopungua mwanzo ni ujazo wa damu, hasa ile sehemu yake ya majimaji. Ndiyo maana baada ya mapumziko ya wiki mbili mapigo ya moyo yanapanda kwa kasi ambayo zamani ilikuwa ya kawaida. Edward Coyle na wenzake walichapisha mwaka 1984 matokeo ya wanamichezo waliozoea mazoezi makali kisha wakaacha: uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 hivi katika siku 21 za mwanzo, na asilimia 16 baada ya siku 84. Kwa hiyo siku tano za kukaa na ndugu bila kukimbia si msiba. Wiki tatu ni jambo jingine.

Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980, Robert Hickson huko Chicago aliwachukua watu waliokwisha kufanya mazoezi siku 6 kwa wiki, dakika 40 kila siku, akawapunguzia. Waliopunguziwa siku hadi 4 au hata 2 walibaki na uwezo wao kwa wiki 15. Waliopunguziwa muda hadi dakika 26 au 13 nao walibaki nao, ingawa wale wa dakika 13 walipungukiwa na ustahimilivu katika kazi ndefu. Waliopunguziwa ukali wa zoezi ndio walioshuka.

Kwa msafiri maana yake ni hii: punguza kilomita, punguza siku, lakini usiguse kasi ya yale mazoezi mawili magumu ya wiki. Sasa, joto la Ghuba linakunyang'anya nini kabla ya kingine chochote? Kasi. Hapo ndipo uamuzi wote unapoanzia. Zoezi la kasi liende ndani kwenye kiyoyozi, na mbio nyepesi ndizo ziende nje.

Nje alfajiri

Saa za kutumia ni chache lakini zipo. Maskati mwishoni mwa Julai adhana ya alfajiri inasikika kabla ya saa 10 na nusu, na jua linachomoza kama saa 11 na nusu. Dubai ni dakika chache baadaye. Anayetoka msikitini na kuanza papo hapo ana saa nzima ya giza jepesi kabla jua halijamfikia, na barabarani hatakuwa peke yake. Saa za huko ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, kwa hiyo mwili hausumbuki na usingizi. Kinachosumbua ni chakula cha usiku kinachopakuliwa saa 4. Mweleze mwenyeji wako mapema, uombe na ufunguo wa mlango.

Alfajiri ina mtego wake. Joto liko chini kuliko saa nyingine zote, ila unyevu wa hewa uko juu kuliko saa zote. Jasho linalokudondoka halikupozi. Linalokauka mwilini ndilo linalopoza, na hewa iliyoshiba maji hailikaushi. Ndiyo sababu nyuzi 31 za Shatti Al Qurum, ufukweni Maskati, alfajiri zinachosha kuliko nyuzi 31 za Dodoma adhuhuri. Mkimbiaji ambaye mbio zake nyepesi nyumbani ni dakika 6:00 kwa kilomita asishangae kuona 6:40, wala asiifukuze ile 6:00. Tumia kipimo cha mazungumzo: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatiza, punguza, saa ya mkononi iseme inachosema.

Mwili huzoea joto ndani ya siku 10 hadi 14 za kulikabili kila siku au karibu kila siku. Mwanzo siku mbili ni dakika 20 hadi 25, kisha ongeza dakika 5 kila siku mpaka ufike 50 au 60. Wa Dar na Mombasa huzoea upesi kidogo kuliko wa Nairobi au Arusha, lakini hata wao wanatoka kwenye miezi yao ya ubaridi. Faida iko wazi, kwani ujazo wa damu unaongezeka na jasho linaanza kutoka mapema. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutojifungia ndani likizo nzima.

Kuhusu maji usikisie. Jipime kwenye mizani bila nguo kabla ya kutoka, na tena ukirudi ukishajifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji, jumlisha na ulichokunywa njiani. Mtu wa kilo 65 akirudi amepungua zaidi ya kilo 1.3 amevuka asilimia 2, na kesho yake abebe chupa au apange mzunguko unaopita nyumbani kila dakika 20. Maji matupu kwa wingi nayo yana hatari yake, kwa sababu chumvi ya damu inazimuliwa na mtu anapata kichefuchefu na kichwa kuuma akidhani bado ana kiu. Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja inatosha baada ya mbio. Ukiikosa, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi, vijiko vyote visawazishwe.

Mahali pa kukimbilia: Dubai ina njia laini ya mpira kandokando ya ufukwe wa Jumeirah, pande za Kite Beach, tambarare na yenye taa. Maskati, barabara ya bahari ya Mutrah inapendeza ila ni fupi, hivyo utazunguka. Ufukwe wa Qurum ni mzuri maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Maji yakijaa unabaki na mchanga laini unaoinama kuelekea baharini, na kilomita kumi za kukimbia ukiwa umeinama upande mmoja hulipwa na nyonga au goti. Mavazi pia yazingatie mahali: Maskati kaptula ifunike goti, na wanawake wengi huvaa suruali ya michezo na fulana ndefu pana.

Dalili za kusimama hapohapo ni kuhisi baridi au vinyweleo kusimama katikati ya joto, kizunguzungu, kuyumba, au kujibu maswali hovyo. Mtu anayechanganyikiwa akili baada ya kukimbia kwenye joto apozwe mara moja kwa maji baridi mengi, na barafu iwekwe shingoni, makwapani na kinenani, huku mwenzake akipiga simu: 9999 Oman, 998 kwa gari la wagonjwa Falme za Kiarabu. Usingoje aache kutoka jasho ndipo uamini kuwa ni kiharusi cha joto. Wakimbiaji wengi hupatwa nacho wakiwa bado wanavuja jasho.

Tredimili

Wengi huidharau, na kwa mbio ndefu wana haki. Kwa mazoezi ya kasi msimu huu, hakuna kinachoifikia. Chumba kina kiyoyozi, kasi unaiweka mwenyewe, na hakuna gari.

Taabu yake ya kwanza ni uongo wa skrini. Mashine za hoteli na za majengo ya kupangisha hutumika sana na kupimwa mara chache. Kuikagua kunachukua dakika tano. Ikiwa imezimwa, weka alama ya tepu kwenye ukingo wa mkanda, usogeze kwa mkono na kuupima kipande kwa kipande mpaka alama irudi. Tuseme umepata mita 3.2. Washa, panda, kimbia kwa 12 inayoonyeshwa, na mwenzako ahesabu mizunguko 20 huku akipima muda. Lazima kuwe na mtu juu, maana mkanda mchovu hupungua mwendo ukibeba uzito. Mizunguko 20 ni mita 64. Ikichukua sekunde 21, hiyo ni mita 3.05 kwa sekunde, ambayo ukizidisha kwa 3.6 unapata karibu kilomita 11 kwa saa. Yaani skrini imekuongezea kilomita nzima, na ukitaka 12 ya kweli itakubidi uweke 13. Angalia pia kama mashine inahesabu kwa maili: 7.5 ya maili ndiyo 12 ya kilomita, na anayebonyeza 12 bila kuangalia atarushwa nyuma. Bana klipu ya usalama kwenye fulana.

Saa ya GPS haisaidii humo ndani. Inakisia kwa mwendo wa mkono, na ukishika vyuma vya pembeni inakisia vibaya zaidi.

Mwinuko wa asilimia 1 unafidia ukosefu wa upepo wa mbele kwa anayekimbia chini ya dakika 5 hivi kwa kilomita. Ukiwa polepole kuliko hapo, acha 0. Usipandishe mwinuko hadi 3 au 4 ili zoezi liwe gumu wakati kasi unayo, kwani shavu la mguu na kano ya kisigino hulalamika kwa siku kadhaa, na likizo haina siku za kuchezea. Feni ni muhimu kuliko kiyoyozi. Hewa ya chumba ikiwa baridi lakini imetulia, unajifunika joto lako mwenyewe baada ya dakika kumi.

Kwa mtu anayelenga marathon kwa dakika 5:30 kwa kilomita, mazoezi mawili yafuatayo yanatosha kwa wiki (kasi zote ni kilomita kwa saa):

Zoezi la vipindi: dakika 12 kwa 9 hadi 10, kisha vipindi 5 vya dakika 4 kwa 12, katikati yake dakika 2 za kutembea au kujogi, mwisho dakika 8 za kupoa. Jumla ni dakika 48.

Zoezi la tempo, yaani kasi moja ngumu kiasi bila kupumzika: dakika 12 za kupasha, dakika 20 hadi 25 mfululizo kwa 11.5, dakika 8 za kupoa.

Yote mawili yanaisha kabla ya dakika 60, na hilo ni kwa makusudi, maana baadhi ya mashine hujizima zenyewe dakika ya 60, nyingine hata ya 30.

Ukifikia kwa ndugu badala ya hoteli, uliza kabla ya kusafiri. Majengo mengi ya ghorofa Dubai yana jimu, ila huingii bila kadi ya mkaazi. Nyumba za Seeb na Al Khoudh, pande za Maskati, mara nyingi hazina, kwa hiyo utalipia jimu ya mtaani kwa siku au wiki. Saa za wanawake na wanaume zinaweza kutenganishwa, na si ajabu zamu yako ikawa saa 3 asubuhi. Kwa tredimili hilo halina shida.

Bwawa

Kukimbia ndani ya maji ya kina, miguu isiguse chini, ni zoezi zuri mno kwa mwenye maumivu ya muundi au goti. Kwa mzima ni la akiba. Vikwazo ni viwili. Mabwawa mengi ya hoteli yana kina cha mita 1.2 hadi 1.4, na mtu wa urefu wa kawaida anasimama wima. Pili ni joto la maji. Bwawa la nje ambalo halipozwi, Agosti, maji yake huwa vuguvugu mno, wakati mabwawa ya mashindano huwekwa nyuzi 25 hadi 28. Ndani ya maji moto jasho halina pa kukaukia, na mtu anapata joto kupita kiasi bila kujua kwa sababu amelowa. Bahari nayo inavuka nyuzi 30, kwa hiyo usitegemee itakupoza.

Ukipata bwawa la kina na lililopozwa, vaa mkanda wa kuelea, simama wima, peleka magoti na mikono kama uko barabarani. Fanya vipindi 10 vya dakika 2 kwa nguvu, sekunde 30 za kupumzika. Mapigo ya moyo yatakuwa chini ya yale ya nchi kavu kwa 10 hadi 15, hivyo usiyafukuze mapigo ya barabarani.

Baiskeli ya jimu inashika nafasi hiyohiyo, na kwa kweli ni rahisi zaidi kuipata. Kanyaga mizunguko 85 hadi 95 kwa dakika, ukifuata vipindi vilevile vya tredimili. Ngazi za jengo, hapana. Ngazi za dharura Ghuba hazina kiyoyozi, na milango yake mingi hufunguka kutoka upande wa ukumbi tu. Ukijifungia ghorofa ya 14 utashuka mpaka chini kwenye tanuri.

Mbio ndefu ndiyo shida yenyewe

Kilomita 24 hazikai kwenye saa moja ya alfajiri, na kwenye tredimili ni adhabu. Hapa Maskati inaishinda Dubai kwa mbali.

Jebel Akhdar, uwanda wa Saiq, uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka Maskati. Joto huko ni pungufu ya la pwani kwa nyuzi 10 hadi 15, hewa ni kavu, na asubuhi unahitaji fulana ya mikono. Polisi wa kizuizi cha Birkat al Mawz huruhusu magari yanayovuta magurudumu manne tu, kwa hiyo kukodi gari dogo ni kupoteza siku. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo, maana breki zikipata moto kwenye mteremko ule hazishiki. Lala huko usiku mmoja, ukimbie asubuhi. Mwenyeji wa Nairobi atajiona yuko nyumbani. Wa Dar au Unguja atapungua sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita kwa sababu ya hewa nyembamba, na asilazimishe.

Salalah ni chaguo la anayekaa wiki mbili na zaidi. Msimu wa Khareef, kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba, unaleta ukungu, manyunyu na nyuzi za ishirini na kitu. Ndege kutoka Maskati ni kama saa moja na nusu, barabara ni karibu kilomita 1,000. Mbio zote za wiki zinawezekana nje. Cha kuangalia ni barabara za milimani, ambazo huteleza na ukungu unamficha mkimbiaji, kwa hiyo vaa rangi inayong'aa au baki tambarare.

Kwa aliye Dubai, mlima wa Jebel Jais huko Ras Al Khaimah una ubaridi fulani, ila barabara yake ni kupanda na kushuka tu. Inafaa kwa zoezi la mlima, haifai kwa mbio ndefu nyepesi. Afadhali agawe: dakika 60 nje alfajiri, dakika 45 kwenye tredimili siku hiyohiyo alasiri. Haifanani na kilomita 24 za mkupuo, lakini inaufikia uchovu wa miguu kwa kiasi cha kuridhisha.

Kwa siku ulizonazo

| Muda wa likizo | Tungechagua |
|---|---|
| Hadi siku 6 | Mapumziko, na tredimili mara moja siku ya tatu au ya nne |
| Siku 7 hadi 16 | Tredimili mara 2 kwa wiki, nje alfajiri mara 2 au 3, mbio ndefu moja Saiq kama uko Oman |
| Wiki 3 na zaidi | Hayo hayo, ila wiki ya pili hamia Salalah, au baada ya siku 14 za kuzoea urefushe za nje hadi dakika 75 |

Uamuzi unabadilika kulingana na tarehe ya mbio. Zikiwa zimebaki wiki 8 au zaidi, kukosa mbio ndefu mbili hakukuharibii kitu. Zikiwa wiki 3 hadi 5, hizo ndizo wiki za mbio ndefu kuliko zote, na ukweli ni kwamba Dubai ya Agosti na marathon ya Septemba haviendi pamoja. Sogeza safari, au uchague nusu marathon. Zikiwa wiki 2 za mwisho, kilomita zinapungua hata nyumbani, kwa hiyo likizo inakaa vizuri, mradi uendelee na vipindi kwenye tredimili.

Siku unayotua, usifanye zoezi gumu. Miguu imevimba kwa kukaa, na mwili umekauka kwa hewa ya ndege. Tembea nusu saa jioni, basi.

Ukirudi nyumbani utajisikia mwepesi kupita kawaida kwa wiki mbili hivi, kwa sababu damu iliyoongezeka kwenye joto bado ipo na hewa ni ya ubaridi. Mapafu yatataka kukimbia zaidi ya vile miguu inavyoweza kubeba, hasa kama wiki nzima ulikuwa kwenye mkanda usio na mteremko. Kama mbio ndefu ya mwisho kabla ya safari ilikuwa kilomita 24 na huko uliishia 14, wikendi ya kwanza fanya 18, ya pili 22, na ya tatu ndiyo urudi kwenye 24.